Mtafsiri wa Mjapani

Yule Mjapani sijawahi kumwona hata siku moja, wala picha yake siijui, lakini mtu akiniuliza nitamweleza jinsi alivyozeeka. Najua alianza kazi ya filamu akiwa kijana wa kuuawa tu, yule anayekatwa upanga mwanzoni kabisa na kuangukia mtoni bila kusema neno. Najua alivyopanda cheo akawa anauawa katikati, halafu mwishoni, halafu akawa yeye ndiye anayeua. Najua alipoota kitambi, na najua nywele zilianza kumtoka upande gani wa paji. Yote haya niliyapata kwa masikio, Riyadh, kutoka kwa mwanamke tuliyemwita Mtafsiri.

Jina alikuwa nalo, na kwenye ikama yake, kile kitambulisho cha ukaazi ambacho bila hicho wewe si mtu, lilikuwa limeandikwa vibaya. Hakujali. Alisema walioliandika hawakuwa na nia ya kumwita. Sisi tulimwita kwa kazi yake, na si kazi ya kufagia nyumba ya watu mtaa wa Al-Malqa. Ile ilikuwa kazi ya mikono. Kazi yake hasa ilikuwa kumsemea Mjapani.

Aliianza Mombasa. Mumewe alikuwa dereva wa injinia mmoja Mjapani aliyekuja na mradi wa barabara, na yule injinia alipomaliza mradi akawaachia televisheni, deki na katoni nzima ya kanda. Zote zilikuwa za mwigizaji mmoja, maana injinia alikuwa mshabiki wake tangu shuleni, na alikuwa amezipanga kuanzia ujana wa yule mtu mpaka uzee. Mke na mume wakafungua banda la video Likoni. Tatizo likawa lugha. Kanda zile zilisema Kijapani kitupu, bila maandishi ya chini. Mume alikuwa na kigugumizi, basi mke akavuta kigoda kando ya televisheni akaanza kuwasemea watu wa ndani. Alimsemea Mjapani, akamsemea mke wa Mjapani, adui zake, mama mkwe, hata farasi akipewa nafasi.

"Na ulijuaje wanasema nini?" nilimuuliza siku moja.

"Uso, mwanangu. Mtu anayeaga hana uso wa mtu anayefika. Ukishajua hilo, maneno utayatafuta mwenyewe."

Mume akafa, watu wakapata simu na televisheni zao, banda likabaki na benchi tupu. Ilikuwa miaka ile kila mtaa una ajenti wake wa kazi za Ghuba, na kila ajenti ana picha ya jiko linalong'aa. Mtafsiri akamwacha binti yake wa pekee, wa darasa la tano, kwa dadake, akapanda ndege.

Mimi nilikutana naye kwenye kliniki ya meno nilikokuwa nafanya usafi, hapo hapo Al-Malqa. Nilikuja na kampuni, si na nyumba ya mtu, kwa hiyo nilikuwa na kitanda changu hosteli na Ijumaa yangu. Yeye aliwaleta watoto wa madam wake. Mvulana alikuwa amekataa kupanda kiti cha daktari, amejibana kwenye kona anapiga mateke. Mtafsiri hakumbembeleza. Alisimama tu, akaanza kuisemea ile mashine ya kuchimba jino kwa Kiarabu, mashine ikilalamika kwamba imeamka asubuhi ikiwa na njaa na haijapewa hata jino moja. Mtoto akacheka mdomo ukiwa wazi, daktari naye akaingia kazini. Nilikuwa nimeegemea mopu nacheka. Akanigeukia.

"Wewe wa wapi?"

"Nakuru."

"Umekula nini leo?"

Ndivyo alivyosalimia watu wote. Habari yako hakuitaka, alitaka kujua umekula nini, na ukijibu hujala alikukasirikia kana kwamba umemnyima yeye. Nikamwambia nimekula mkate na chai. Akaguna, akachukua namba yangu, na jioni ile nikawa nimeingizwa kwenye kundi la simu la wanawake wa kwetu waliofungiwa kwenye majumba ya kaskazini ya Riyadh.

Simulizi zilikuja baada ya chakula cha mchana, saa ambayo nyumba za kule hulala. Baba analala, madam analala, watoto wanalala, hata kiyoyozi kinashusha sauti. Mtafsiri alijifungia chumba cha kufulia na kuzungumza na simu kwa sauti ya chini, vipande vifupi vifupi vya sauti, na sisi tukavisikiliza popote tulipokuwa: mwingine amejificha stoo, mwingine kwenye ngazi za paa, mimi kwenye chumba cha ndoo. Sinema hazikuwapo nchini wakati ule. Sisi tulikuwa na yetu.

Alikuwa mkali, jamani. Katikati ya filamu hakuna kuuliza. Kusengenya madam zetu kwenye kundi hakutaka, alisema tutawasema nyumbani tukiwa tumekaa kwenye viti vyetu. Na uongo aliuchukia. Alipovunja jagi la kioo la madam, lile la kutoka kwa mama yake, alikwenda kumwamsha amwambie, ilhali wengine sote tungezika vile vipande kwenye taka na kumsingizia paka. Akafokewa mpaka magharibi. Akasema afadhali kufokewa kwa ulichofanya.

Alikuwa na kiburi pia, na hiki sikukitegemea kwa mtu wa kufua soksi za watu. Siku moja madam alisikia sauti ya mumewe ikitoka chumba cha kufulia, na mumewe yuko kazini. Akafungua mlango ghafla. Akamkuta Mtafsiri peke yake na simu, amempa tajiri mmoja wa kwenye filamu sauti ya bosi, na kikohozi chake juu. Madam alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia siku hiyo akija mgeni wa kahawa aliitwa: yalla, tufanyie sauti ya baba. Alikataa kila mara. "Mafi, madam, hakuna. Nimesahau." Huku kwenye kundi letu alikuwa anatupatia sauti za watu kumi kwa pumzi moja.

Sasa, wengi wetu hatukuelewa mambo ya filamu. Tulijua kuna mtu mmoja, Mjapani, na kila wiki mambo yanampata. Kwamba wiki hii ni mwuza miavuli na wiki iliyopita alikuwa askari wa mfalme, tuliona ni maisha, mtu hubadilisha kazi. Hata sisi mmoja alikuwa mwalimu wa chekechea na sasa anaogesha mbwa. Ijumaa moja, wale tulioruhusiwa kutoka tulikutana Manfuha, kule kusini, kwenye chumba cha mama mmoja wa kwetu aliyekuwa anapika chapati za kuuza na hana karatasi hata moja. Kukazuka ugomvi mkubwa kuhusu wake za Mjapani. Nekesa wa Kitale ndiye aliyewasha.

"Huyu jamaa ni player," Nekesa akasema. "Last month alikuwa na bibi mwingine, mrefu. Leo ni mfupi. Mtafsiri, sema ukweli."

"Yule mrefu alifariki," Mtafsiri akajibu bila kupepesa. "Mungu amrehemu."

"Woi! Na hukutuambia?"

Mpishi akaisahau chapati, ikaungua. Nekesa alifuta macho na mtandio. Baadaye, Mjapani alipougua kifua katika filamu nyingine, Nekesa alifunga kula na kumwombea, na akina dada Waislamu wakamwekea dua. Nilimwuliza Mtafsiri pembeni kama si vizuri kuwaeleza kwamba ni mwigizaji, anaigiza tu kuumwa. Akanitazama.

"Mwache aombewe. Kwani mzee yule hana kifua?"

Kwake yule mwigizaji alikuwa mtu mzima wa kuheshimiwa, jirani ambaye hamjakutana tu. Alipenda kwamba hakuona haya kuzeeka. Wenzake walipaka nywele rangi wakaendelea kushika panga na magoti hayataki. Yeye magoti yalipokataa aliwaachia vijana panga, akachukua kazi za kukaa: kinyozi, fundi saa, baba wa bibi harusi. Hakuwahi kupiga kelele kwenye huzuni. Likimfika jambo zito alitafuta kitu cha kukunja, taulo, shuka, gazeti, akakikunja taratibu mpaka kikaisha kukunjika. Mtafsiri alilieleza jambo hilo kila mara kwa utulivu mkubwa, na tukajua hapo tusiongee. Umri wake mwenyewe aliupima kwa kanda zile. Alinitumia ujumbe siku moja: "Leo mgongo wangu umefika kwenye kinyozi." Nilijua anaumwa.

Kila alichotutumia sisi alikipeleka pia kwa binti yake Mombasa. Hilo halikuwa siri, na wala hakuficha sababu ya kuwa Riyadh. "Asije huku," aliniambia mara nyingi. "Hilo tu ndilo ninalolitaka duniani. Fagio la watu liishie kwangu." Mkataba wake wa kwanza ulipoisha angeweza kurudi, lakini mtoto alikuwa anakaribia mtihani wa darasa la nane. Mkataba wa pili ulipoisha ilikuwa sekondari. Kila mara kulikuwa na darasa lingine mbele, na mtoto kila mara akiuliza, "Mama, unakuja lini?" na yeye akijibu, "Karibu, mwanangu." Nilimwona akilisema neno lile na uso wa mtu anayeaga.

Kitu kimoja sikukijua mpaka tulipokuwa tumebaki wawili Manfuha tunasubiri dereva wa nyumba yao. Aliniambia ametugeuzia miisho yote.

Filamu ya kwanza kabisa aliyotusimulia aliisema ilivyo. Mjapani alikufa kwenye theluji, peke yake. Nekesa alilia jikoni kwao kiasi kwamba madam wake alikuja kuangalia kuna nini, akamkuta na simu, akaichukua. Alikaa bila simu muda mrefu, na mtu asiye na simu kule amezikwa akiwa hai. Siku kadhaa baadaye Mtafsiri akatutumia ujumbe kwamba alichanganya kanda, kumbe hakufa, aliokotwa na wauza kuni.

"Toka hapo nikaona hakuna anayeniangalia," akasema. "Likoni ningethubutu? Wanaume wanaona kwa macho yao kichwa kimeanguka kule, utawaambia amelala? Picha ilikuwa inanishika mkono. Huku hakuna picha. Basi aliyezama nikamtoa majini. Aliyefungwa nikampa msamaha."

"Zote?"

"Zote. Yule mtu amekufa vibaya sana, mwanangu. Maisha yake yote ya kazi amelipwa kufa. Mwisho hauhitaji lugha, hata mjinga anauelewa. Nami nina mtoto anasikiliza."

Akanisimulia ya mwisho ilivyo, ile ya uzee wake. Mjapani ni baba aliyekwenda kaskazini kukata miti, akapitiliza miaka. Anarudi na mvi, anagonga mlango wa nyumba yake. Binti anafungua, mtu mzima, ana mtoto mgongoni. Anauliza, "Unamtafuta nani?" Mzee anamtazama. Anasema samahani, nimepotea njia, anageuka anaondoka. Kundi zima lilikuwa limeisikia filamu hiyo kutoka kwake, na kwenye yetu binti alipiga kelele "Baba!" akamwangukia shingoni, wakala samaki. Nilikumbuka tulivyofurahi. Pale Manfuha niliona mikono yake inakunja ncha ya abaya lake, inakunja na kukunja, na nikageuza macho nikaangalia barabara.

Nadhani ukishazoea kumtengenezea mtu mwingine mwisho, wako nao utautengeneza. Alimwambia binti yake kwamba chumba chake kina dirisha. Alilala kwenye chumba cha kupigia pasi, kisicho na dirisha. Alimwambia kwamba madam anampenda. Madam hakuwa mbaya, lakini mama yake madam alipoanguka na kuvunja nyonga huko Jeddah, Mtafsiri aliambiwa akusanye nguo asubuhi, na alasiri akawa ameshapelekwa. Hakuna aliyemuuliza. Kabati la sebuleni lingefikiriwa zaidi kabla ya kuhamishwa. Akanipigia kutoka Jeddah kunieleza, na nikamuuliza mtoto amesemaje.

"Sijamwambia. Atahangaika bure, amezoea Al-Malqa. Kwani Al-Malqa na Jeddah tofauti yake nini? Kote ni sakafu."

Basi aliendelea hivyo. Huku Al-Malqa joto limepungua, mwanangu. Huku Al-Malqa wamepanda miti mipya barabarani. Kunguru wa Jeddah wako wengi kuliko wa Mombasa, na siku moja mtoto akawasikia kwenye simu. "Mama, kumbe Riyadh kuna kunguru?" Akajibu wapo, wawili watatu. Alinisimulia akicheka, na mimi nikacheka pia, Mungu anisamehe, kwa sababu kilikuwa kichekesho kweli wakati ule.

Muda si mrefu kliniki yetu ikafungua tawi Jeddah nikahamishiwa huko. Tulikuwa tunaongea kwa simu tu, maana yule bibi mgonjwa hakutaka kuachwa hata dakika. Kisha alasiri moja Mtafsiri akanipigia, na sauti ile iliyokuwa na watu wote ndani yake haikuwa na mtu.

"Uko kazini?"

"Natoka saa hii."

"Njoo Kornishi. Niko na bibi."

Hakuniuliza nimekula nini. Nilichukua teksi.

Nilimkuta kwenye benchi linaloangalia bahari, bibi amelala kwenye kiti cha magurudumu, shela imemfunika mpaka kidevuni. Mtafsiri alikuwa amekonda. Alinishika mkono akanikalisha.

"Amekuja," akasema.

"Nani?"

"Mwanangu. Yuko Riyadh tangu juzi. Amemaliza form four, akaenda kwa ajenti kimyakimya, ajenti akamwongezea umri kwenye karatasi. Dadangu mwenyewe amejua mtoto ameshafika uwanja wa ndege. Nyumba ya watu, na amesaini mkataba mzima. Kafili wake, huyo bosi aliyemleta, ameshachukua pasipoti."

Nilimshika tu.

"Nimemwita mimi," akasema. "Miaka yote hii namwambia mtu anatoka kwao, anapata tabu kidogo, anarudi, wanakula samaki. Atajuaje kuna kutorudi? Ningemwambia walau moja ilivyo. Moja tu! Asubuhi nimemtumia zote. Nimemwambia nilidanganya. Yule alizama, yule walimkata, yule alifia jela, na yule mzee binti yake hakumjua. Zote, moja baada ya nyingine, mpaka koo likakauka. Nimemwambia atafute njia arudi kabla hawajamzoea."

"Amejibu nini?"

"Simu wanampa alasiri, wakishakula na kulala."

Tulingoja. Wasomali walikuwa wanauza maji, watoto wanaendesha baiskeli za kukodi. Bibi aliamka akaomba maji, Mtafsiri akamnywesha, akamfuta mdomo kwa upole, akamrekebishia shela. Nilimwangalia anavyofanya nikaona uchungu mkubwa, kwa sababu mikono ile ilikuwa ya mama wa mtu.

Simu ikalia, ujumbe wa sauti. Akaiweka katikati yetu na kuibonyeza. Sauti ya msichana ilikuwa ya kunong'ona, na nyuma yake maji ya bomba yalikuwa yanamwagika.

"Mama, nimesikiliza zote. Usilie hivyo. Mimi hizo story za huyo Mjapani hata sikuwa nazifuata, wallahi. Nilikuwa naweka nikienda kulala nisikie sauti yako tu. Siyo yeye amenileta. Niliona wewe huji, nikasema basi, nije mimi. Nilimwambia ajenti nyumba yoyote ile, bora iwe karibu na Al-Malqa. Jana dereva alikuwa anapeleka watoto shule, akatupitisha huko. Nimeangalia wanawake wote waliokuwa wanatoa taka. Wote, mama. Nikadhani nitakujua kwa kutembea. Mama, hebu niambie, uko nyumba gani?"

Ujumbe ukaisha. Mtafsiri alibaki ameishika simu. Nilimwona anafungua mdomo, na nikajua, kwa kuwa namjua, kwamba alikuwa na jibu tayari: madam amesafiri naye kidogo, atarudi wiki ijayo, watakutana. Lingemtoka vizuri sana. Badala yake alibonyeza pale pa kurekodi, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, nyembamba, ya mwanamke mmoja tu.

"Niko Jeddah, mwanangu. Niko Jeddah kitambo."

Akaachia. Tiki mbili zikatokea, halafu zikawa za buluu. Hakuna kilichorudi. Labda alikuwa ameitwa jikoni, labda walishaichukua simu, hatukujua. Adhana ya magharibi ilipoanza bibi alisema ana baridi, tukasimama, tukamsukuma kuelekea kwenye gari, Mtafsiri akiwa ameishika simu wazi juu ya mpini wa kile kiti ili aione ikiwaka.